Bwawa la Kamba na Kicheko cha Babu Ardhi

Kama kuna mtu mmoja katika kisiwa kizima cha Taiwan aliyekuwa akiombea kimbunga kije, basi ni Kho Bun-tik wa mji wa Siluo. Wakulima wa kabichi wanafunga mabanda yao kwa waya, wake zao wanagombania mishumaa na tambi madukani, na yeye amekaa mbele ya televisheni na kikombe chake cha chai, macho kwenye ramani ya hali ya hewa, anashangilia. "Njoo, njoo! Usikate kona!" Ila hakutaka kije chote. Alitaka kisogee kiasi cha kuitisha serikali ifunge shule na maofisi, halafu kigeuke kiende zake baharini bila kuangusha hata tone.

Wazimu huu ulitokana na bwawa. Bosi Kho, ndivyo tulivyomwita mtaani, nusu heshima nusu kejeli, alikuwa na bwawa la kuvulia kamba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Unaingia, unakodi fimbo kwa saa, unatia kipande cha ini la kuku kwenye ndoana, unakaa juu ya kiti cha plastiki chini ya taa za mirija na kungoja. Ukimpata kamba unamchoma kwa chumvi hapo hapo, unateremshia bia. Mijini watu wanakesha kwenye mabwawa ya namna hiyo. Siluo, mtu akitaka kamba ananunua sokoni, anarudi nyumbani kulala.

Mahali palipochimbwa bwawa ndipo alipokuwa akipika mkewe, Siu-khim. Miaka na miaka mama yule aliuza chai ya asubuhi katika chumba kile cha mbele: maziwa ya soya ya moto, mikate ya mvuke, chapati nyembamba za mayai. Watoto wa shule walisimama mlangoni na mabegi mgongoni, wenye malori wakamwagiza kwa kupiga honi tu, naye akajua nani anakula nini. Kwa chapati zile alimsomesha binti yao, Ka-hui, mpaka akapata kazi Taipei.

Kisha Bosi Kho akastaafu kazi ya kiwanda cha mchuzi wa soya, akaenda Kaohsiung kumtembelea A-beng, mtu aliyesoma naye. A-beng alikuwa na bwawa la kamba, na bwawa lilimnenepesha yeye, mkewe na mbwa wake. Bosi Kho alirudi macho yanang'aa. Mkewe akamuuliza swali moja tu la maana: "Huko kwa A-beng, mabwawa mengine yapo?"

"Yalikuwepo. Yamefungwa."

"Yote?"

"Hao hawakuwa na moyo, Mama Ka-hui. A-beng ana moyo."

Basi akaapa. "Mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha haijalipa, shimo nalifukia kwa mikono yangu, majiko yako yanarudi." Siu-khim akayafunika majiko kwa nailoni, akayasogeza chini ya ngazi. Mwaka ule mmoja, wakati wa haya ninayowaelezea, ulikuwa wa tatu.

Jamani, tukubali kwamba alijitahidi. Alipaka kuta rangi ya bahari. Aliweka redio, kisha akaweka mashine ya kuimbia, kisha akaitoa maana aliyekuwa akiimba ni yeye peke yake. Wateja wake wa kudumu walikuwa wazee wawili waliostaafu, wanaokuja kila mchana kufuata feni. Fimbo hawakodi. Wanaangalia kamba, wanasinzia, wakiamka wanasema, "Bosi, leo wamechangamka," wanaondoka. Ndani ya nyumba walikula kamba wa kuchoma, wa kukaanga, wa uji, na wale waliokufa kwa joto wakagawiwa majirani, hata ikafika siku sisi majirani tukimwona anakuja na ndoo tunazima taa.

Lakini ilikuwepo ile siku. Mwaka wa kwanza, serikali ilitangaza likizo ya kimbunga, na kimbunga chenyewe kikaghairi. Asubuhi jua linawaka, mji mzima hauna kazi wala shule, na mahali pote pamefungwa kwa hofu ya mvua isiyokuwepo, isipokuwa kwa Bosi Kho ambaye hakuwa amesikia tangazo. Watu walijaa mpaka wakavulia wamesimama. Fimbo zikaisha, watoto wakafungiwa nyuzi kwenye vijiti vya kulia wali. Siu-khim alichoma kamba mpaka nyusi zikababuka.

Tangu hapo, ukimuuliza Bosi Kho biashara inaendeleaje, hakutajii jana wala juzi. Anakueleza siku ile. "Ungeona! Mpaka nje, pale kwenye duka la matairi!" Siku zote nyingine kwake zilikuwa bahati mbaya, mara baridi, mara joto, mara mechi ya besiboli kwenye televisheni. Siku ile tu ndiyo ilikuwa biashara yenyewe.

Mwisho Siu-khim akachoka. Ilikuwa mezani, na alikuwa anamenya kamba, maana hapakuwa na kingine cha kumenya.

"Baba Ka-hui, nakwambia kwa mara ya mwisho. Sikukuu ya mwezi ikipita na hili shimo bado liko wazi, mimi nakwenda Taichung kwa kaka. Ana chumba cha mbele hakina mpangaji. Nitapika chapati zangu huko, wewe baki na wanao hawa wenye masharubu."

"Sasa unataka nifunge wakati huu ambapo mambo ndiyo yanataka kuanza?"

"Mambo gani?"

"Si juzi tu nimenunua pampu mpya? Nikifunga leo si itakuwa bure?"

"Na pampu ya kwanza?"

"Ndiyo maana nikanunua ya pili, ili ile ya kwanza isiende bure."

Siu-khim aliweka kamba chini. Alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu anayetafuta miwani na miwani iko usoni pake. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kuogopa: "Kamuulize Babu Ardhi. Mimi hunisikii, Ka-hui humsikii. Babu akisema funga, utafunga?"

"Akisema funga, kesho yake nafunga."

Siu-khim alimwamini. Alimjua mume wake kwa kila kitu, ila hakuwahi kumwona anavyouliza.

Babu Ardhi wetu anakaa katika kihekalu kidogo mwisho wa soko la mboga, mzee mwenye ndevu nyeupe na mashavu mekundu, mungu wa mtaa huu tu, anayejua shida za wenye maduka. Bosi Kho alifika na sahani ya kamba. Bi A-hun, mtunza hekalu anayeuza ubani na kuangalia tamthilia kwenye simu siku nzima, akaikodolea macho ile sahani.

"Kamba tena, Bosi? Babu mwenyewe ameshachoka. Mletee karanga."

"Hawa wabichi, Bi A-hun. Wa leo."

Akawasha ubani, akainama, akachukua vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja, mgongo upande wa pili. Kimoja kikionyesha bapa na kimoja mgongo, Babu amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Vyote vikionyesha bapa, amecheka, na Babu akicheka maana yake swali lako halijakaa sawa. Kwa jambo zito anatakiwa akubali mara tatu mfululizo.

"Babu, nifunge bwawa?" Akarusha. Kimoja bapa, kimoja mgongo. Amekubali.

Bosi Kho aliinama akaigusa sakafu kwa kidole. "Hapa pana maji," alisema. "Vimeteleza."

Akarusha tena. Amekubali. Alibaki amechuchumaa pale akivitazama vibao, na mkono wake haukutaka kurusha mara ya tatu. "Nimeuliza vibaya," akamwambia Bi A-hun. "Nimesema bwawa. Hajui bwawa lipi. Hapa Siluo si kuna lile la kumwagilia mashamba?"

"Ndiyo, Babu anadhani unataka kufunga mfereji wa serikali," Bi A-hun akasema bila kuinua macho.

Akauliza upya. "Babu, nisilifunge bwawa langu la kamba, lililo nyumbani kwangu, karibu na duka la matairi?" Vyote viwili bapa.

"Amecheka! Umeona? Amefurahi."

"Au anakucheka wewe."

"Babu, nisubiri mpaka mwaka ujao?" Amekataa. "Nisubiri mpaka kimbunga kijacho?" Amekataa. "Basi, Babu wangu, nisubiri kidogo?" Kimoja bapa, kimoja mgongo. Bosi Kho akapiga magoti na kuinama mara tatu, vibao akavirudisha kabla Babu hajabadilisha mawazo, akatoka amenyooka kama aliyepandishwa cheo.

"Kasemaje?" Siu-khim alimuuliza mlangoni.

"Kasema nisubiri."

"Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Muulize Bi A-hun."

Na wala msidhani alikuwa anadanganya. Ungemshikia upanga shingoni angeapa vile vile. Kichwani mwake vile vibao vya mwanzo havikuwahi kuanguka.

Ikaja sikukuu ya mwezi, usiku ule wa mwezi mpevu watu wanapokaa nje. Bosi Kho alitundika kitambaa chekundu mlangoni na taa za rangi, akaongeza kamba. Hesabu yake ilikuwa hivi: sikukuu ya mwezi kila mtu anachoma nyama, na mwenye kuchoma nyama atataka na kamba. Kweli, kila mtu alikuwa anachoma. Alikuwa anachoma mbele ya mlango wake, kwa mkaa wake, na watoto wake, nyama imepakwa mchuzi na kufungwa ndani ya kipande cha mkate, watoto wamevaa maganda ya balungi kichwani kama kofia. Moshi wa mtaa mzima uliingia kwa Bosi Kho, watu hawakuingia. Jioni ile alisimama mara moja tu, kwa furaha, kumpokea mwenye duka la matairi.

"Karibu, karibu! Fimbo ngapi?"

"Samahani, Bosi. Una koleo la mkaa la kuniazima?"

Siu-khim aliona yote hayo kutoka kwenye ngazi. Asubuhi alifunga vyungu vyake vya mvuke kwa kamba ya katani, akavaa koti lake zuri, akaenda kituo cha basi. Bosi Kho alimfuata nyuma na mwavuli, ingawa mvua haikuwepo.

"Mama Ka-hui, Babu alisema nisubiri."

"Subiri basi. Hakusema tusubiri wote."

Wiki za kwanza Bosi Kho alitamba. Huyo atarudi, alisema, Taichung hajui hata upande wa kutokea jua. Ka-hui alipopiga simu na kumwambia, "Baba, mama anasema wateja wanampenda, biashara inakwenda vizuri," alicheka kicheko kikavu, akasema hongera zake, akakata simu na kwenda kuwalisha kamba. Lakini alikuwa ameanza kuamka alfajiri, saa ile ambayo mashine ya kusagia soya ilikuwa ikinguruma chini, na sasa chini kulikuwa na pampu tu inayobubujisha maji. Alikaa kitandani akisikiliza pampu ile mpya aliyoigombania. Alimkumbuka mkewe. Alimkumbuka vibaya, mpaka chakula kikamshinda, na huyu ni mtu aliyekula kamba miaka mitatu bila kulalamika.

Siku moja akarudi kwa Babu na sahani yake ya kamba. Aliwasha ubani, akainama. "Babu, Mama Ka-hui atarudi?"

Vyote viwili mgongo. Amekataa.

Bosi Kho aliviokota vibao taratibu, akavipangusa kwa mkono wa shati, akaviweka mahali pake. "Asante, Babu," akasema. Akachukua kofia ya pikipiki na kuanza kuondoka.

Bi A-hun akasimamisha tamthilia yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. "We Bosi! Ndiyo basi?"

"Amekataa."

"Amekataa mara moja!"

"Sasa Bi A-hun, kama amekataa si amekataa?"

"Haaa! Leo ndiyo umejifunza kukubali jibu?" Bi A-hun alisimama, mikono kiunoni. "Kwa hao kamba wako umerusha vibao mpaka vimechubuka rangi. Sakafu imeteleza, Babu hakusikia, Babu kafurahi, Babu hajui bwawa lipi! Mke uliyelala naye miaka yote hiyo unamuulizia mara moja, unapangusa, unasema asante, unavaa kofia? Kamba wamekuzalia watoto, Bosi?"

Bosi Kho alisimama na kofia nusu kichwani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu ikaja hofu, maana aliona kwamba alikuwa anakaribia kumpoteza mke wake kweli, kwa kurusha vibao mara moja, bila hata kubishana.

"Na sahani yako hiyo ichukue," Bi A-hun akamalizia, akiwasha tena tamthilia. "Nimekwambia karanga."

Safari hii hakuuliza mtu wala mungu. Alimpigia simu mpishi mmoja wa karamu za harusi, akaja na matangi kuwachukua kamba wote waliobaki. Yakafuata malori ya udongo, kisha zege. Sote tulitoka kutazama, hata wale wazee wawili, wamekasirika, wanauliza sasa watasinzia wapi. Bosi Kho alidhani siku ile atalia. Alitoa nailoni kwenye majiko ya mkewe, akayafuta mafuta ya zamani, akayapanga mahali pake kama yalivyokuwa, kisha akalala usingizi mzito mpaka jua likamkuta. Ndipo akapanda basi la Taichung.

Chumba cha shemeji yake kilikuwa kwenye barabara pana yenye maofisi. Ng'ambo palikuwa na duka kubwa la vifungua kinywa, lenye bango la njano na vijana waliovaa sare, na pikipiki zimejipanga mbele yake mpaka kwenye kona. Upande wa huku Siu-khim alikuwa amesimama nyuma ya vyungu vinavyofuka mvuke. Viti vyote vilikuwa vitupu. Viwili vilikuwa bado na nailoni za dukani.

Aliposikia mlango aliinua uso, na uso ukawaka. "Karib..." Kisha akaona ni nani. "Ah. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kaa, kaa. Leo pamepoa kidogo. Ni hii baridi."

Akamletea maziwa ya moto na chapati ya mayai. Chapati ilikuwa ile ile, hakuna nyingine duniani. Bosi Kho alikula huku machozi yanamlengalenga, akasingizia mvuke.

"Nimelifukia bwawa," alisema.

Mkono wa Siu-khim ulisimama juu ya kikaango. "Nani kakwambia ufukie?"

"Hakuna."

"Babu?"

"Sikumuuliza. Nimeweka zege na majiko yako nimeyarudisha pale pale. Watoto wa shule wakipita wanachungulia. Turudi nyumbani, Mama Ka-hui. Nilikosea. Nilikosea tangu siku ya kwanza."

Alingoja. Siu-khim aligeuza chapati ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Sasa niache hapa wakati huu ambapo mambo ndiyo yanataka kuanza?" alisema. "Wiki iliyopita tu nimenunua mashine mpya ya kusagia soya. Nikiondoka leo si itakuwa bure?"

Bosi Kho aliacha kutafuna.

"Hukuiona ile likizo ya kimbunga," mkewe aliendelea, haraka haraka, akimwonyesha kwa mwiko. "Wale wa ng'ambo walifunga. Ungeona hapa! Foleni mpaka pale kwenye taa za barabarani! Watu wanakula wamesimama! Watu wa huku ni wa kuwazoeza tu. Mara baridi, mara wanafanya ujenzi pale kona... Nipe mwaka mmoja, Baba Ka-hui. Mmoja tu."

Bosi Kho alitazama gunia la soya lililojaa, vile viti vyenye nailoni, mashine mpya inayometameta, na lile bango la njano ng'ambo ya barabara. Aliona yote kwa mara moja, wazi kabisa, kama sisi wa Siluo tulivyoona kwake miaka mitatu. Ilikuwa rahisi ajabu kuona. Neno lilikuwa ulimini: funga, mama, funga leo hii. Hakuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kulisema, na hakuna aliyekuwa na haki ndogo kuliko yeye.

"Nimemuuliza Babu Ardhi wa mtaa huu," Siu-khim alisema, sauti imeshuka. Hakuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia mlango ambao hakuna aliyekuwa akiuingia.

"Kasemaje?"

"Alicheka."

Bosi Kho aliinuka, akamaliza maziwa yake akiwa amesimama, akachukua aproni iliyotundikwa ukutani na kuifunga kiunoni.

"Alicheka?" akasema. "Basi amefurahi."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambazo hakuna aliyekuwa ameziketia.